Saratani ya Mapafu Ikiwa Bado Changa: Protini Zinatuambia Nini?

(Mazungumzo yaliyotolewa bwaloni, siku ya pili ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, na mwenzetu aliyemaliza Kidato cha Nne hapa mwaka 1979, ambaye sasa ni daktari mstaafu wa maabara ya uchunguzi wa magonjwa.)



Kamati iliponiandikia barua kuniomba nizungumze, ilisema nichague jambo la kitaaluma lakini lisiwachoshe watu baada ya chakula. Nimechagua jambo gumu, na naomba radhi mapema. Atakayesinzia nitamsamehe, maana mimi mwenyewe nilisinzia sana katika bwalo hili saa za kujisomea usiku, na walimu wangu walionisamehe si wengi.

Nataka kuzungumza juu ya saratani ya mapafu, hasa ile inayogunduliwa ikiwa bado changa. Nitaeleza juu ya protini fulani zilizomo ndani ya uvimbe, au zinazoingia katika damu kutoka kwenye uvimbe, ambazo zinaweza kumdokezea daktari kama ugonjwa utatulia baada ya kukatwa au utarudi. Sikuchagua jambo hili kwa ajili ya elimu peke yake. Nina deni kwa mwenzetu mmoja ambaye leo hayupo, na nimeona mahali pa kulitaja deni hilo ni hapa.

Wale wa mwaka wangu watamkumbuka tuliyemwita Nahodha, kwa sababu aliongoza timu ya mpira tangu Kidato cha Pili. Alilala kitanda cha juu, mimi cha chini. Alitoka Urambo, na baba yake alikuwa mkulima wa tumbaku. Sare zake, sanduku lake la bati na nauli ya treni vilitokana na zao hilo, kwa hiyo nisije nikasikika kama mtu anayewatukana wakulima. Lakini ni Nahodha aliyenifundisha kuvuta sigara, nyuma ya ghala la jikoni, tukipokezana kipisi kimoja watu wanne huku mmoja akimchungulia kiranja wa zamu. Mimi niliacha nilipofika Kidato cha Sita, si kwa hekima bali kwa sababu kifua kilinibana nikashindwa mchakamchaka. Yeye hakuacha.

Mwaka 2011 Nahodha alikuja kutibiwa ngiri. Kabla ya kupasuliwa alipigwa picha ya eksirei ya kifua, na katika pafu la kulia, sehemu ya juu, likaonekana doa la mviringo. Hakuwa anakohoa, hakuwa amekonda, wala hakuwa na maumivu yoyote. Nawaomba mliweke jambo hilo moyoni: saratani ya mapafu ikiwa changa mara nyingi haisemi kitu. Mtu anapoanza kutema damu na kukonda, kwa kawaida ugonjwa umekwisha kutembea. Nahodha alikuwa na bahati ambayo wagonjwa wengi hawaipati. Sehemu ile ya pafu ilikatwa ikatolewa pamoja na tezi za limfu zilizo karibu, na vyote vikaletwa juu ya meza yangu katika maabara.

Uvimbe ulikuwa na upana wa sentimeta 2 na nusu. Tezi zote zilikuwa safi. Nikaandika katika ripoti: Hatua ya Kwanza.

Hapa inanibidi nieleze maana ya hatua. Madaktari hupanga saratani kwa kutazama mambo matatu: ukubwa wa uvimbe, kama umeingia katika tezi za limfu, na kama umefika viungo vya mbali kama ini, mifupa au ubongo. Kwa mgawanyo uliotolewa katika toleo la 8, Hatua ya Kwanza ni uvimbe usiozidi sentimeta 4 ambao haujaingia katika tezi wala kusafiri. Hesabu za kimataifa zilizotumika kutengeneza toleo hilo zilionyesha kuwa kati ya wagonjwa 100 wenye uvimbe usiozidi sentimeta 1, wapatao 92 walikuwa hai baada ya miaka 5. Kwa wale wenye uvimbe wa kati ya sentimeta 3 na 4, walikuwa 68.

Hesabu hizo ni za kutia moyo ukizilinganisha na zile za ugonjwa uliochelewa. Lakini zina fumbo ndani yake. Hao wote wako Hatua ya Kwanza. Kwa nini basi baadhi yao hurudiwa na ugonjwa? Rula hupima ukubwa wa uvimbe lakini haipimi tabia yake. Uvimbe wa sentimeta 2 uliokua polepole kwa miaka mingi si sawa na uvimbe wa sentimeta 2 uliokua kwa miezi michache, ingawa mezani kwangu vyote viwili vinalingana. Ndiyo maana wachunguzi wamekuwa wakitafuta alama nyingine, na nyingi kati ya alama hizo ni protini.

Vijana wa Baiolojia mnajua kwamba seli hufanya kazi zake kwa protini. Kuna protini za kugawanya seli, za kuishikamanisha na jirani yake, za kupokea habari kutoka nje, na za kuiua seli iliyoharibika. Saratani ni seli iliyovunja utaratibu huo. Kwa hiyo ukitaka kujua uvimbe una nia gani, tazama protini zake.

Zinatazamwaje? Tunachukua kipande cha uvimbe, tunakihifadhi ndani ya nta, tunakikata kipande chembamba kuliko unywele, na kukilaza juu ya kioo. Kisha tunamwagia kingamwili, yaani ile silaha ambayo mwili hutengeneza dhidi ya vijidudu, lakini hii imetengenezwa maabara ili ishike protini moja tu na kuziacha nyingine zote. Njia ya kutengeneza kingamwili za aina moja kwa wingi iligunduliwa huko Cambridge, Uingereza, mwaka 1975 na Georges Köhler na César Milstein, nao wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1984. Kingamwili hufuatishwa na rangi. Ukitazama kwa hadubini, seli yenye ile protini inakuwa ya kahawia, na isiyo nayo inabaki buluu. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuhesabu kahawia na buluu.

Sasa nitazitaja chache.

Ya kwanza ni Ki-67. Jina lake huwashangaza wanafunzi, lakini asili yake ni nyepesi. Mwaka 1983, katika mji wa Kiel nchini Ujerumani, Johannes Gerdes na wenzake walikuwa wakitengeneza kingamwili dhidi ya seli za aina moja ya saratani ya tezi. Ile iliyofaa ilitoka katika kishimo cha 67 cha sahani yao. Basi wakaiita Ki kwa ajili ya Kiel, na 67 kwa ajili ya kishimo. Protini hii huonekana ndani ya seli inayojiandaa kugawanyika au inayogawanyika. Seli iliyopumzika haina. Kwa hiyo ukihesabu seli 100 za uvimbe ukakuta 5 ni za kahawia, uvimbe huo unakwenda mwendo wa jongoo. Ukikuta 50, uvimbe uko mbioni. Uchunguzi mwingi umeonyesha kuwa katika saratani ya mapafu, hasa ile inayoanzia katika seli za kutengeneza ute, Ki-67 nyingi huandamana na hatari kubwa zaidi ya ugonjwa kurudi.

Ya pili ni p53, ambayo iligunduliwa mwaka 1979, mwaka ule ule tuliofanya mtihani wa Kidato cha Nne katika bwalo hili. Namba 53 inatokana na uzito wake. Kazi yake ni ulinzi: seli ikiharibika, p53 huisimamisha isigawanyike mpaka irekebishwe, au huiamuru ijiue. Jeni yake ikiharibika, mlinzi anakuwapo lindoni lakini hafanyi kazi, na mara nyingi protini mbovu hujaa ndani ya seli. Tulitegemea sana kwamba p53 ingetutabiria mwisho wa mgonjwa. Kwa saratani ya mapafu matokeo ya wachunguzi yamepingana, na leo haitumiwi peke yake kuamua. Naitaja makusudi, ili vijana mjue kuwa katika sayansi hata jambo lenye sifa kubwa hupimwa, na likishindwa kipimo huwekwa kando.

Ya tatu ni ile inayoitwa E-kadherini. Hii ni kama udongo baina ya tofali na tofali. Huishikamanisha seli na jirani yake. Inapopungua, seli hulegea na kuanza kutoka mahali pake, na hiyo ndiyo hatua ya mwanzo ya safari ya saratani kwenda mbali. Kupungua kwake katika uvimbe wa mapafu kumehusishwa na mwisho mbaya zaidi.

Ya nne haitafutwi kwenye kioo bali katika damu. Inaitwa CEA, na iligunduliwa huko Montreal, Kanada, na Phil Gold na Samuel Freedman mwaka 1965, walipokuwa wakichunguza saratani ya utumbo mpana. Mtoto akiwa tumboni huwa nayo nyingi, na akizaliwa hupungua sana. Baadhi ya saratani, pamoja na za mapafu, huanza kuitengeneza tena. Maabara nyingi huhesabu nanogramu 5 kwa mililita moja ya damu kuwa ndio mpaka. Mgonjwa wa Hatua ya Kwanza ambaye CEA yake ilikuwa juu kabla ya kupasuliwa ana hatari zaidi kuliko mwenye CEA ya kawaida, na kama haishuki baada ya upasuaji, au ikishuka kisha ikapanda tena, daktari ana sababu ya kutafuta ugonjwa ulikojificha. Lakini jihadharini! Uvutaji wa sigara peke yake huweza kuipandisha CEA, na magonjwa ya ini vile vile. Mtu asije akapima damu akakuta CEA iko chini akajitangaza kuwa hana saratani. Kipimo hicho hakikuwekwa kwa kazi hiyo.

Sasa nirudi kwa Nahodha.

Katika maabara tulikuwa na kingamwili ya Ki-67 tuliyoiagiza kwa ajili ya saratani ya matiti. Ilikuwa ghali, na tuliibania. Lakini kwa kuwa mgonjwa alikuwa mwenzangu wa kitanda, nilitoa matone machache nikapima uvimbe wake. Nilihesabu mara mbili. Katika kila seli 100, zaidi ya 40 zilikuwa za kahawia. Nikaandika hivyo chini kabisa ya ripoti, mstari mmoja, kwa Kiingereza cha kitaalamu. Kisha nikatia sahihi.

Alipokuja kuniaga alikuwa ameshika bahasha. Akaniuliza, "Mzee mwenzangu, imekwisha hii?" Nikamwambia, "Hatua ya Kwanza. Imetolewa yote." Sikusema uongo. Lakini sikumwambia habari ya mstari wa chini. Nilijiambia kuwa kumweleza mgonjwa ni kazi ya daktari aliyempasua, na daktari huyo naye, kama nilivyokuja kujua baadaye, alisoma neno Hatua ya Kwanza akafunga jalada. Nahodha akarudi Urambo kwa furaha. Akachinja mbuzi. Akaendelea kuvuta sigara. Hakuambiwa arudi kupimwa baada ya miezi 6, na hakurudi.

Mwaka 2013 alianza kukohoa. Huko alikopelekwa kwanza hakuna aliyeiuliza bahasha. Walitazama picha ya kifua wakadhani ni kifua kikuu, akapewa dawa kwa miezi kadhaa. Siwalaumu sana, maana katika nchi yetu kifua kikuu ni kingi, na kwenye eksirei magonjwa haya mawili huweza kufanana. Wapo wengi wenye saratani ya mapafu ambao huanza kwa dawa za kifua kikuu. Alipofika kwangu ugonjwa ulikuwa katika ini na mifupa. Tulimzika mwaka 2014. Wengi wenu mlikuwapo.

Ndugu zangu, sitaki kusema kwamba ule mstari wa chini ungemponya. Ningekuwa nasema nisilolijua. Mwaka 2011 hatukuwa na dawa ya kumpa kwa sababu ya Ki-67 iliyo juu, na hata leo, kwa uvimbe mdogo wa Hatua ya Kwanza, hakuna protini hata moja ambayo peke yake inatosha kumwamuru daktari ampe mgonjwa dawa kali baada ya upasuaji. Maabara moja huhesabu kahawia tofauti na nyingine, na hata mpaka baina ya nyingi na chache haujakubaliwa na wote. Lakini mstari ule ulikuwa na maana moja iliyo wazi: mtu huyu afuatiliwe kwa karibu. Kawaida ni kumpima mgonjwa aliyepasuliwa kila miezi 6 kwa miaka 2 au 3 ya mwanzo, kisha mara moja kila mwaka. Na akiwa mvutaji, aache, kwa sababu wanaoacha hata baada ya kuugua huishi zaidi kuliko wanaoendelea. Hayo mawili yaliwezekana, wala hayakuhitaji fedha nyingi. Yalihitaji mtu wa kusema naye kwa Kiswahili. Mtu huyo ningekuwa mimi.

Tangu wakati huo elimu imesonga mbele, na protini sasa hazitabiri tu bali zinachagua dawa. Nitataja mbili. Kuna EGFR, protini iliyo juu ya ngozi ya seli, ambayo hupokea habari ya kukua. Kwa baadhi ya wagonjwa jeni yake imebadilika, na protini inapiga kelele ya "kua!" hata pasipo habari yoyote. Wagonjwa wa namna hiyo waliokwisha kupasuliwa, wa Hatua ya Kwanza yenye uvimbe mkubwa kidogo hadi Hatua ya Tatu ya mwanzo, walijaribiwa kwa kidonge kiitwacho osimertinib, kila siku kwa miaka 3. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2023 yalionyesha kuwa baada ya miaka 5, watu 88 kati ya 100 waliopewa dawa hiyo walikuwa hai, na 78 kati ya 100 kwa wale ambao hawakupewa.

Nyingine ni PD-L1. Askari wa mwili wetu, yaani seli za kinga, wana protini iitwayo PD-1, ambayo Tasuku Honjo na wenzake wa Kyoto, Japani, waliieleza mwaka 1992. Ni kama breki. Uvimbe wenye PD-L1 huikanyaga breki hiyo, na askari wanasimama. Zipo dawa za kuuzuia mguu huo usikanyage. Honjo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018 pamoja na James Allison wa Marekani. Tangu 2021 dawa ya aina hiyo imeruhusiwa Marekani kwa wagonjwa waliopasuliwa wa Hatua ya Pili na ya Tatu ya mwanzo, ambao uvimbe wao una PD-L1.

Dawa hizi ni ghali mno, na sitawadanganya kuwa ziko katika kila zahanati. Lakini yapo mambo ambayo kila mmoja wetu hapa anaweza kuyafanya.

Kwanza, mkipasuliwa uvimbe wowote, ombeni nakala ya ripoti ya maabara. Ni haki yenu. Itunzeni kama mnavyotunza hati ya shamba, na mwombeni daktari awaeleze kila mstari, mpaka ule wa mwisho.

Pili, kikohozi kinachozidi wiki 3 kipimwe. Na mtu aliyeanzishiwa dawa za kifua kikuu bila vijidudu kuonekana, naye hapati nafuu, aulize swali la pili. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hata asiyeficha huumbuka asipouliza.

Tatu, kwa wale wenzangu wa makamo mliovuta kwa miaka mingi: uchunguzi mkubwa uliofanywa Marekani kwa watu zaidi ya 53,000, na kutolewa mwaka 2011, ulionyesha kuwa kuwapima wavutaji sugu kwa CT skani ya mionzi kidogo kulipunguza vifo vya saratani ya mapafu kwa asilimia 20. Kwetu kipimo hicho hakijawa cha kawaida. Lakini mwenye uwezo wa kukipata na ajadiliane na daktari wake. Kuacha sigara kuna uwezo kwa wote.

Nne, wafanyakazi wa afya waliomo humu. Mgonjwa hasomi Kiingereza cha maabara. Tukiandika jambo, tulifuatilie mpaka limfikie mwenyewe.

Nanyi vijana. Mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill wa Uingereza walikwisha kuonyesha uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu. Sisi tulivuta nyuma ya ghala miaka zaidi ya 25 baadaye, na hakuna aliyekuwa ametuambia. Ninyi mmeambiwa leo. Nasikia lile ghala lingali pale pale, na nimemwomba Mkuu wa Shule anitembeze huko jioni. Natumaini sitaokota kipisi.

Vile vile nawaomba wengine wenu msome Baiolojia na Kemia kwa bidii. Madaktari wa kutazama kioo katika nchi hii ni wachache, na tunazeeka. Ile hadubini yangu ya kwanza, ambayo ilihesabu seli za Nahodha, nimekuja nayo. Imo ndani ya sanduku la mbao karibu na mlango, pamoja na vioo 20 vya kujifunzia. Kuanzia leo ni mali ya maabara ya shule. Mwalimu wa Baiolojia amekwisha kuipokea. Ninalo sharti moja tu: atakayeitazama aandike alichokiona kwa maneno ambayo mama yake ataelewa.